Sauti Kwenye Spika za Shambani

Jua lilikuwa linazama nilipokipanda kilima cha kituo cha hali ya hewa cha shamba, flashi mfukoni. Kazi yenyewe ilikuwa ndogo. Niweke toleo jipya la programu, nirudi nyumbani nile.

Kituo kile kilikuwa mikononi mwa baba yangu mdogo mpaka alipofariki. Kiangazi kilikuwa kimekaza, vumbi kila mahali, lakini walimkuta amekaa kitini mbele ya kompyuta, nguo zikichuruzika maji. Daktari alisema ni moyo. Watu walisema mengine, kwa sauti ya chini, huku wakimtupia jicho msimamizi wa shamba, ambaye miaka yote alikuwa akikitolea macho kile chumba cha kituo.

Mama mdogo aliniomba kitu kimoja tu. Mumewe alikuwa ameirekebisha ile programu mwenyewe, akaongeza faili za sauti, ili upepo ukizidi, spika za shambani ziwaonye wafanyakazi kwa sauti yake. Toleo jipya lingefuta kila alichoongeza. Kwa hiyo nizinakili kwanza pembeni, halafu nizirudishe. Kaburi halisemi, aliniambia. Hiyo sauti ndiyo aliyobaki nayo.

Msimamizi alikuwa ananisubiri mlangoni. Salamu yangu hakuipokea.

"Futa kila kitu," alisema. "Nimechoka kuamrishwa na maiti."

Nilimweleza kwamba kunakili hakuchukui muda. Alifunga mlango akasimama nyuma yangu, karibu mno, nikawa nasikia pumzi yake kisogoni. Nilinakili folda nzima, nikachomoa flashi nikaiweka mezani, nikaanza kusakinisha. Mstari wa kijani ukatambaa kwenye skrini... ukafika mwisho.

Nikanyoosha mkono kuchukua flashi.

Haikuwepo.

Ilikuwa chini ya buti lake. Aliisaga taratibu, akinitazama usoni, kama mtu anayeua mende.

"Kamwambie mama yako mdogo azoee."

Nilitaka kumtukana. Harufu ikanizuia... harufu ya udongo uliolowa, ndani ya chumba kikavu, madirisha yote yamefungwa. Kwenye skrini, upepo wa nje ulikuwa sifuri. Unyevu wa ndani ulikuwa unapanda. Unapanda tu.

Spika ya ukutani ikakwaruza.

"Mvua inakuja."

Ilikuwa sauti ya baba mdogo. Nilifungua folda haraka haraka. Faili zake hazikuwemo, ilikuwemo kengele tu iliyokuja na programu. Msimamizi alinisukuma pembeni, akang'oa waya wa spika. Ukabaki unaning'inia mkononi mwake.

"Mvua imefika mlangoni."

Safari hii haikutoka ukutani.

Ilitoka katikati yetu.

Alirudi kinyumenyume mpaka mgongo ukagota ukutani. Mikono ya shati lake ilianza kudondosha maji, tone kwa tone... Akakohoa, maji yakamtoka mdomoni. Akanidaka mkono kwa vidole vya baridi.

"Mwambie aache," alinong'ona. "Sikutaka afe. Nilitaka chumba tu. Mganga niliyemwendea alisema atahama mwenyewe..."

Hakumaliza. Midomo iliendelea kuchezacheza, lakini hakikutoka kitu. Na palepale, ile spika iliyong'olewa waya ikapiga ukelele.

Ukelele ulikuwa wake yeye.

Nilijinasua nikatoka mbio. Nje ardhi ilikuwa kavu kabisa, vikombe vya kipima upepo vimesimama tuli.

Niliporudi na walinzi, tulimkuta amekaa kitini, amelowa chepechepe, macho wazi. Alikuwa hai, ila bubu. Walimpeleka kwa mkewe. Mama mdogo nilipomsimulia hakunipa hata pole. Alisema nimempotezea mumewe mara ya pili, na akaniambia nisikanyage tena kwake.

Tangu hapo, upepo ukizidi, spika za shambani huonya kwa sauti ya msimamizi. Katikati ya maonyo anaomba afunguliwe. Wafanyakazi wengi wameacha kazi. Mwenye shamba aliniita niitafute hiyo faili niifute, nami nimepekua folda zote nisiione. Sijui ningeiona ningefanya nini.

Jana jioni, nikishuka kilimani, mke wa msimamizi alinisimamisha njiani. Alikuwa peku, khanga imemvuka bega.

"Ameanza kuongea," alinong'ona.

Nilimwambia tushukuru.

"Sauti si yake." Hakuwa ananiangalia mimi, alikuwa anaangalia njia iendayo kijijini kwetu. "Ameniuliza mkewe yuko wapi. Nikamwambia ni mimi. Akanicheka... akavaa viatu, akatoka kwenda kwa mama yako mdogo."