Chupa Kavu

Kipaza alizamisha mkono kijitoni hadi kwenye kiwiko, akatoa chupa, na chupa ilikuwa kavu.

Hapo mtu mwenye akili timamu angeaga akaenda nyumbani. Lakini watu wanaojitolea kuokota taka msituni Jumamosi asubuhi, bila posho wala soda, akili zao tayari zina maswali. Kijito chenyewe kilijaa plastiki mpaka vyura wakawa wapangaji. Walifanya kazi wawili wawili: mmoja anaokota, mwenzake anafungua na kumwaga, maana lori halipokei chupa yenye kifuniko. Kipaza, mpishi wa shule mwenye sauti ya kuamsha mtaa wa pili, aliokota. Fundi cherehani, shoga yake kwa miaka ishirini sasa, alifungua.

"Shika na hii, shoga," Kipaza alinong'ona.

Kipaza, kunong'ona.

Ilikuwa chupa ya kioo, shingo imezungushiwa uzi mwekundu, na katikati ya uvundo wote ule ilinukia marashi. Fundi akavua glavu moja, kucha zikashindwa kuufungua. Basi akafanya afanyavyo fundi yeyote: akaukata uzi kwa meno.

Kizibo kikachomoka chenyewe. Ndani, kitu kikavuta pumzi.

Ndege wakanyamaza. Fundi akautoa uzi mdomoni, akautazama. Nyuzi tatu kwa pamoja, msokoto wa mkono wake mwenyewe. Aliutoa siku alipompeleka Kipaza kwa mganga, baada ya miezi minne ya kumziba mdomo misibani, kwa sababu jini lilikuwa limempanda na kila alipotaka kulia lilimchekesha.

"Uliniambia mganga ameuchoma uzi huu," alisema polepole.

"Alilifungia humo. Akaniambia nikaizike."

"Na hukuizika."

"Lilikuwa linaniita, shoga. Kila siku. Mganga akasema litanihama kabisa likifunguliwa na mtu anayenipenda."

"Kwa hiyo hukuiokota majini."

"Ilikuwa kwenye aproni yangu."

Fundi alimtazama kama mtu anayetafuta mlango kwenye ukuta. "Ukanichagua mimi."

"Nilianza na mume wangu jana. Alivuta mpaka mishipa ikamtoka shingoni." Kipaza aliinamisha uso. "Haikufunguka."

Marashi yakampanda Fundi puani, matamu, mazito, yakashuka kooni taratibu kama mgeni anayejua chumba chake kilipo, yakapita kifuani, yakajipanga kati ya mbavu moja na nyingine, na kila alipojaribu kuita watu, kuwaambia kwamba mwanamke ambaye yeye mwenyewe alimwogesha na kumlisha na kulala naye mkeka mmoja miezi minne amemuuza asubuhi na mapema mbele ya macho yao, kitu kile kikamgeuza ulimi, kikamfungua kinywa, na kikamtoka kicheko kirefu, chembamba, kisicho chake, kikiruka juu ya maji huku machozi yakimlowesha glavu.

Kando ya kijito wenzao wakainua vichwa, wakaanza kucheka nao.

"Kipaza," mmoja aliita, "hicho kichekesho tupe na sisi."

Wakasogea na viroba vyao, wakimzunguka Fundi, wakicheka kwa sababu yeye anacheka. Kipaza peke yake ndiye aliyelia, na alilia vizuri, kwa kwikwi safi, kama mtu aliyepona.