Mume Wangu Alitia Gitaa Kwenye Kilio cha Mwanetu

Nina miaka thelathini na miwili. Nimezaa watoto wawili, na mmoja ndiye aliye hai. Ninaishi Nchelenge, upande wa Zambia wa Ziwa Mweru, lakini nilizaliwa ng'ambo, Kilwa, upande wa Kongo. Nilivuka maji nikiwa msichana, nikimfuata shangazi yangu katika biashara ya samaki, na huku nikaolewa.

Wasomaji wenzangu, huenda baadhi yenu mmeshaucheza wimbo wangu. Sitawalaumu, kwa sababu hamkujua mlikuwa mnacheza nini... Nitaeleza polepole ili hata asiyeijua nchi yetu anielewe.

Mume wangu, Kabwe, ni Mbemba wa hapa hapa ziwani. Mchana alitengeneza injini za boti. Jioni alipiga gitaa la umeme katika bendi yao ya watu wanne iliyoitwa Radi. Walipiga roki, ule muziki wa magitaa yanayopiga kelele ambao kaka zake waliupenda walipokuwa vijana kwenye miji ya migodi. Miaka ile ya tisini vijana wetu walikuwa wanataka rumba ya kutoka ng'ambo. Walikuwa wakipita nje ya nyumba yetu na kucheka: "Ba Kabwe, zima mashine, unafukuza samaki!"

Kabwe alicheka nao, lakini mimi mkewe nilijua kwamba utani ule ulimuuma. Alikuwa na ndoto moja tu, kutoa kaseti yenye jina la bendi yake.

Mimi nilipeleka sabuni, chumvi na vitenge kwenye kambi za wavuvi kisiwani Chisenga, nikarudi na magunia ya chisense, vile visamaki vidogo vilivyokaushwa. Maisha hayakuwa mabaya. Tulikuwa na Chanda, binti yetu mkubwa, na Mwape, mtoto wa kiume wa miaka minne aliyependa viatu kuliko chakula!

Ndipo akaja mtu mmoja kutoka Lusaka. Sote tulimwita Dairekta. Alikuwa anatengeneza filamu ya mwanamke wa ziwani aliyefiwa, na alitaka nyimbo zake zote zipigwe na bendi ya mahali penyewe. Filamu na kaseti vingetoka pamoja. Alipoisikia Radi siku moja sokoni, alisimama mpaka mwisho, kisha akamshika Kabwe mkono.

Nilifurahi, jamani! Nani asingefurahi kumwona mumewe akitembea kichwa juu? Niliwapikia bendi nzima ubwali, ugali wa huku, na samaki walipokuwa wakifanya mazoezi uani. Kila kitu walikirekodi kwenye redio ya kaseti ya Kabwe, ile ya betri, ili wasikilize makosa yao.

Mvua zilipokolea, Mwape akashikwa na homa. Asubuhi alikuwa anacheza, jioni mwili ulikuwa moto, na kesho yake akaanza kutetemeka mwili mzima. Tulitoka kumkimbiza hospitali. Nilikuwa nimembeba mwenyewe... Hatukufika. Niliusikia mwili wake ukilegea mgongoni mwangu, nikaendelea kutembea tu, kwa sababu kusimama kungekuwa kukubali.

Hapa lazima nieleze jambo moja, maana mkasa wangu wote umesimama juu yake.

Kwenye kilio, mama wa marehemu huimba. Si wimbo wa kanisani wala wa kujifunza. Unatoka wenyewe. Unamwita mtoto wako kwa jina, unamuuliza maswali, unamgombeza, unambembeleza. Wanawake walio nawe chumbani wanakuitikia ili usianguke peke yako. Kilio kikiisha, wimbo ule umekwisha. Hauimbwi njiani wala jikoni. Ni maneno yako na marehemu, na wanawake wale ni mashahidi wenu.

Mimi nilimlilia Mwape kwa Kiswahili cha kwetu, ambako viatu ni bilatu. Nilisema: "Mwape, bilatu byako biko ku mulango, binauliza mwenyewe alienda wapi. Mwape, simama ubivae!"

Mama mkwe wangu ni Mbemba kabisa. Yeye na majirani zake wanatumia Kiswahili kununulia samaki tu. Lakini siku ile, kwa huruma yao, walinililia kwa lugha yangu! Waliitikia: "Simama, Mwape, simama..." Mpaka leo sijui niwashukuru vipi. Na mpaka leo hawataki shukrani yangu.

Kabwe alikuwa nje na wanaume. Kuna wakati aliingia, akaweka kitu karibu na godoro, akakifunika kitenge, akatoka. Niliona. Nilidhani ni blanketi. Mama anayelia anachunguza nini?

Mvua ziliisha. Bendi ilienda studio Kitwe, ikarudi. Siku moja Bwalya, mpiga ngoma wao, mtu mcheshi asiyejua kuficha kitu, alinikuta ufukweni nikifunga magunia.

"Mama Mwape, weye uko na sauti!" akaniambia. "Hata Dairekta alilia. Tulisema, huyu mama alikuwa anatuficha miaka yote!"

"Sauti gani, Bwalya?"

"Kwa kaseti, mama. Ile ya Mwape. Hiyo njo wimbo wa mwisho wa sinema."

"Wimbo gani wa Mwape?"

Alinitazama, kisha akatazama maji. "Mayo, mama... Kabwe hakukuambia?"

Magunia niliyaacha pale pale. Nilimkuta Kabwe amelala chali chini ya injini ya mtu. Nilimuuliza mbele ya mwenye injini, sikujali! Hakukana. Alitoka, akajifuta grisi, akaniambia kwa sauti ya chini:

"Bibi, batoto wangapi wanakufa hapa ziwani, nani anabakumbuka? Mwape atakumbukwa. Batu wote batamulilia."

"Nani aliwaita?"

"Ni mutoto wangu pia."

"Basi ungelia wewe! Ungeimba wewe! Kwa nini uliiba sauti yangu?"

Wasomaji, nataka muelewe kwamba hakuwa mlevi wala mkatili. Alimpenda mtoto wetu. Nadhani alipotoa kaseti kwenye redio ile aliyoificha chini ya kitenge na kusikia kilichomo, msikilizaji wa muziki ndani yake alimshinda baba. Hilo ndilo linanitisha mpaka leo... kwamba mtu mzuri anaweza kufanya vile.

Nilitaka kitu kimoja tu, kilio kile kisitoke. Nikasema, kama mnahitaji mama anayelia, mimi nitakuja studio. Nitawaimbia kilio kingine, kisicho na jina la mtu. Kile cha Mwape mnipe nikichome.

Kabwe alikubali. Dairekta naye akakubali. Nilimwacha Chanda kwa mama mkwe, tukapanda lori la samaki mpaka Kitwe. Mle studio walinivisha vidude vya kusikilizia masikioni, wakanisimamisha mbele ya maiki, nami mama aliyefiwa juzijuzi nikajilazimisha kulia kwa kuigiza ili kuokoa kilio changu cha kweli! Niliimba mpaka koo likakauka. Dairekta, kwa upole kabisa, akaniambia: "Vizuri sana, mama. Inatosha." Njiani kurudi Kabwe alinishika mkono. Aliniambia kile cha zamani kimefutwa.

Nilimwamini. Wewe usingemwamini?

Filamu ilikuja miezi kadhaa baadaye. Ilionyeshwa mchana wa Jumapili kwenye nyumba ya video karibu na soko, madirisha yamezibwa kwa magunia. Watu walijaa mpaka mlangoni. Kabwe alinikalisha mbele, karibu na mama yake. Nikaona ziwa letu, mitumbwi yetu, hata jirani yangu akipita na beseni! Watu walipiga vigelegele kila walipomtambua mtu.

Kisha ukafika mwisho. Yule mwigizaji wa Lusaka, msichana mzuri, akapiga magoti mchangani. Akafungua mdomo.

Ikatoka sauti yangu.

Si ile ya studio... Ilikuwa sauti ya chumbani kwangu! "Mwape, bilatu byako biko ku mulango..." Nikasikia wanawake wakiitikia, nikasikia na pumzi ya mama mkwe. Halafu, pale pale nilipovuta hewa baada ya jina la mwanangu, likaingia gitaa la Kabwe. Ngoma zikafuata.

Mnajua watu walifanya nini? Waliinuka! Wimbo unasema simama, nao vijana wakasimama, wakacheza, wakaitikia kwa furaha: "Simama, Mwape, simama!" Ilikuwa ngoma nzuri, siwezi kudanganya. Kabwe aliipiga vizuri kuliko zote alizowahi kupiga maishani mwake.

Nilimtazama. Alikuwa analia, lakini mguu wake ulikuwa unafuata ngoma.

Mama mkwe alinigeukia. Alikuwa ameisikia sauti yake mwenyewe. Hakupiga kelele. Alisema tu, kwa Kibemba: "Ulituita tukulilie, kumbe ulitutega."

"Mama, si mimi! Muulize mwanao!"

"Ulienda Kitwe naye. Mtoto wako niliachiwa mimi. Ulienda kufanya nini?"

Niseme nini? Ni kweli nilikwenda! Safari niliyoifanya ili kuzuia aibu ndiyo iliyokuwa ushahidi dhidi yangu.

Kuanzia hapo kila kitu kilianguka. Kaseti ilipigwa kwenye kila baa, kutoka kwetu mpaka Mununga, na watu waliinakili kwenye redio zao wakaivusha ng'ambo. Hata vita vilipozidi upande wa Kongo na watu wakaanza kukimbilia huku kwa mitumbwi, kuna waliofika wakiuimba wimbo ule. Nilimwomba Dairekta auondoe. Akasema kaseti zimeshatoka, hazirudishiki, na kwamba nijivunie.

Kisha ukaja uvumi. Mnajua watu wanavyosema, mtu akipata ghafla, lazima ametoa kitu. Bendi iliyochekwa miaka yote sasa imepata jina, na mtoto amekufa kabla tu... Wakaanza kunong'ona kwamba mwanamke wa Kongo alileta dawa ya kwao, akamtoa mtoto kafara ili gitaa la mumewe lisikike. Tena hakuogopa, akamtaja jina kwenye wimbo! Wateja wangu wa sabuni wakahamia meza za wengine. Kisiwani Chisenga wavuvi niliowajua tangu usichana waliniambia chisense zimeshauzwa, huku nikiziona zimelundikana.

Kabwe hakusimama kunitetea hata mara moja. Bendi iliitwa Lusaka, akaenda. Siku hizi anaishi na yule mwigizaji. Mdomo amekwenda nao, sauti ameiacha huku.

Lakini haya yote si kitu mbele ya jambo moja.

Jirani yangu mmoja wa wale walioniitikia alifiwa na binti yake. Nikajifunga kitenge, nikaenda. Ningekosaje? Nilipoingia chumbani, kilio kilikatika. Kilikatika kama mtu amezima redio! Mama wa marehemu mwenyewe aliuma kitambaa ili asitoe sauti. Mwanamke mmoja akanijia, akanipapasa kiunoni, akafungua begi langu, akatafuta.

"Kamashini kako wapi?" aliniuliza.

"Sina mashine, dada. Nimekuja kulia."

"Awe, hapana. Enda ukalilie ku redio."

Niliondoka. Nilipofika barabarani nikasikia kilio kimeanza tena nyuma yangu.

Tangu siku ile siendi kilio cha mtu. Na mimi nikifiwa tena, nani atakuja kuniitikia? Wakati mwingine namtazama Chanda akiwa amelala, nikiogopa hata kikohozi chake, kwa sababu najua kwamba safari hii ningelia peke yangu.

Nimejaribu kwenda kaburini kwa Mwape. Nilidhani pale angalau tutakuwa wawili. Nikaanza kumwita... Nilipovuta hewa baada ya jina lake, gitaa likaingia. Halikuwa redio ya mtu, lilikuwa kichwani mwangu! Nilinyamaza, nikaanza upya, likaingia pale pale. Siwezi tena kumlilia mwanangu bila bendi. Nimeomba, nimefunga, nimejaribu kuimba kwa lugha nyingine. Bado linaingia.

Dada yangu unayesoma, sitaki ukate tamaa na ndoa yako wala na wanaume wote. Wako wazuri, na wewe unastahili mzuri. Lakini nakusihi, ukiona mtu anakipenda kipaji chake kiasi kwamba nyumbani hakuna kitu asichoweza kukitumia, usisubiri msiba ndipo ujue. Muulize mapema. Na akikuahidi kwamba amefuta kitu, mwambie akifute mbele ya macho yako.

Nawe kaka mwenye gitaa, kamera au kalamu, mlilie wako kwa sauti yako mwenyewe. Kama huna sauti hiyo, nyamaza. Kunyamaza nako ni kulia.

Mimi kilio changu kimeshaharibika, sitegemei tena kukirudisha. Nawaomba wasomaji wote jambo dogo tu. Ikitokea uko mahali, wimbo ule ukaanza, na watu wote wakainuka kucheza... wewe usiinuke. Kwetu, mtu akija kwenye kilio hukaa chini. Kaa chini, hata kama watakucheka, mpaka wimbo uishe.