Saumu ya Firdausi

Basi la Kibondo lilikwisha acha stendi ya Kasulu na kuanza kupanda kilima ndipo simu ya Firdausi ilipolia. Akalitazama jina la mumewe likiwaka, akalifunika kwa mtandio wake wa waridi. Bintiye Yasmini alikuwa amelala mapajani. Stendi ile ile ndiyo iliyomkutanisha zamani na mumewe: Nurudini, shati limenyooshwa likanyooka, alimkanyaga kitenge penye msongamano, akaomba radhi mpaka akaachwa na basi lake.

Simu ikalia tena.

"Pokea, maman," akasema jirani yake kitini, Laurentine, Mkongo wa kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, dumu la mawese ya kuuza miguuni. "Ao uizime. Inaniumiza mie pia."

Akapokea.

"Firda, uko wapi?"

"Njiani, naenda kwetu Kitahana."

"Unanikimbia?"

"Jana uliniitaje, Nuru? Lirudie. Mwanao kalala, hatasikia."

Mambo yalianzia jikoni. Nurudini alikuwa Kigoma mjini na biashara yake ya vitenge tangu mvua za kwanza, karudi sikukuu ya Idi. Nyumbani kwa mama yake, Bi Asia, walikoishi, mwanamke aliye katika siku zake hafungi. Hunywa uji wake kimya jikoni, wenzake wakajifanya hawaoni. Bi Asia naye hujifanya haoni, ila huona. Mwaka huu aliona Firdausi kafunga mwezi mzima, uji hakuuonja. Akamnong'oneza mwanawe: mkeo ana mimba, na wewe hukuwapo.

"Twende zahanati ukapime," Nurudini alimwambia mkewe. Firdausi akaanza kupanga nguo begini. Kwa mume, huo ulikuwa ushahidi tosha; akamwita malaya.

"Niambie neno moja tu," akasema Nurudini simuni. "Mimba ya nani?"

"Hakuna mimba."

"Basi mwezi mzima ule..."

"Nimeweka kitanzi."

"Kitanzi gani?"

"Cha uzazi wa mpango. Kidogo tu, kimekaa ndani ya mfuko wa uzazi, kinatoa dawa polepole. Nesi alinionya damu itapungua, pengine ikatike kabisa, nisiogope. Ikakatika. Nikafunga mwezi mzima, nikafurahi mwaka huu silipi siku. Kumbe najichimbia shimo."

"Mbona hukuniambia, mpenzi?"

"Mpenzi liweke kwanza."

Laurentine akakohoa, akageukia dirishani, sikio akaliacha pale pale.

"Nilipomzaa Yasmini damu iligoma kukatika, Nuru. Nilimsikia nesi akimwambia mwenzake, huyu anatutoka. Wewe ukaja wodini umejipulizia manukato, ukanishika mkono, ukasema wa pili awe wa kiume, mama anangoja. Ningekuambia nini?"

Walikuwa wanapita Makere, mtandao ukawa unakuja na kuondoka.

"Sikujua," ikarudi sauti. "Wallahi hakuna aliyeniambia. Basi rudi. Tukakitoe, tuanze upya."

Firdausi sasa angeweza kusema sawa, akashuka Makere, na yote yakaisha.

"Kwa sharti hilo sirudi. Kitatoka siku nitakayokuwa tayari kuzaa mimi. Ukiweza kuishi na hilo, Kitahana unapajua. Na mama utamweleza wewe, kwa mdomo wako, jikoni kwake."

"Firda, mama ni mtu wa..."

Akakata.

"Mie pia niko nacho," akasema Laurentine.

"Mume anajua?"

"Anajua. Alinuna. Akakula chakula akiwa amenuna."

Firdausi akacheka, machozi yakadondokea nywele za Yasmini.

Nurudini alifika Kitahana Ijumaa ya pili, kwa bodaboda kutoka Kibondo mjini, shati jeupe limekuwa jekundu kwa vumbi. Jikoni kwa mama yake alikwisha sema. Walirudi Kasulu wakapanga nyumba yao upande wa soko. Kitanzi hakikutolewa. Mtoto wa pili hajapatikana. Jambo hilo wanalizungumza, mara nyingine kwa ugomvi. Yasmini anasoma chekechea. Laurentine bado anauza mawese. Bi Asia hakuomba radhi, ila Ramadhani iliyofuata Firdausi alifunga tena mwezi mzima, na kila magharibi bakuli la uji wa futari lilitoka kwa mama mkwe, limefunikwa kawa.