Tanuri Lililokosa Moto

Ndugu zangu, nyumba ya Tanusi, hapa kijijini kwetu katika milima ya Lebanoni, ilikuwa ya kuonewa wivu. Jioni ungewakuta kibarazani wanakula burguli ya ngano na zeituni, wanataniana. Tanusi alikuwa mnyapara wa kiwanda cha hariri, na mkewe, Warde, alisokota nyuzi humo humo pamoja nasi.

Kutwa nzima tulitumbukiza mikono katika karai za maji ya moto, tukitafuta ncha ya uzi kwenye vifukofuko vya viwavi wa hariri. Warde aliposhindwa hata kukanda unga kwa vidonda, alituambia tuungane tudai saa zipunguzwe, na akifukuzwa mmoja tutoke wote. Tuliapa, Wakristo na Wadruzi, kila mtu kwa imani yake.

Tanusi akapata habari. Tajiri mwenye kiwanda alikuwa amemwahidi umeneja, na tamaa haina haya. Akaenda kumtaja mke wake mwenyewe.

"Mfukuze huyo mmoja," alimwambia tajiri, "wengine watafyata mkia."

Asubuhi Warde akafukuzwa mbele ya watu wote. Tajiri kugeuka, karai hazina mtu. Tulikuwa tumeshatoka nyuma ya Warde.

Na ulikuwa msimu wa mavuno. Vifukofuko vibichi vilijaa ghalani vikingoja tanuri, maana mdudu asipouawa kwa joto hugeuka nondo, akatoboa kifuko na kuukata uzi. Tanuri tulilichochea sisi. Tajiri alitafuta vibarua vijiji vyote vya jirani asipate hata mmoja, nasi tukakaa ukutani tukila mkate.

Nondo walipoanza kutoka, Tanusi akaja kwa mkewe anatweta.

"Mama Mikaeli, rudi wewe tu. Utalipwa mara mbili."

"Nilifukuzwa peke yangu, Baba Mikaeli. Kurudi, tunarudi wote."

Mwishowe tajiri alikuja mwenyewe, nondo ametua kwenye tarbushi yake, akakubali saa zetu. Tukataka na mnyapara aondoke. Hapo tukamtazama Warde, kwa kuwa mume ni wake.

"Nyumbani nitamlisha," alisema. "Kiwandani simtaki."

Siku hizi Tanusi ndiye anayekanda unga, na wapita njia humuuliza umeneja umefikia wapi. Mimi simwonei huruma.

FUNZO

Anayemuuza mwenzake kwa tajiri hujiuza na yeye, tena kwa bei ya kutupa. Nanyi mnaofanya kazi, shikamaneni. Mmoja atafukuzwa leo leo. Wakitoka wote, nani atamwashia tajiri tanuri?