Sabuni Isiyo na Jina

Leo asubuhi nilikuwa nabandua lebo kwenye sabuni, mche mmoja mmoja, kwa kisu cha mezani. Mama alinihimiza kutoka jikoni.

"Fanya haraka, mwanangu! Kumekucha."

Sabuni tunatengeneza wenyewe, hapa nyumbani. Mama huwauzia wenye maduka nchi jirani. Lakini huko sasa kuna vita. Sokoni walimwambia, "Mpakani wakiona lebo ya kwetu, wanachukua mzigo wote." Basi akaamua tuzibandue. Katoni sita. Zikichukuliwa, hatuna mafuta ya kutengenezea nyingine.

Jirani yetu ni wakala wa forodha. Alikuja kuazima pampu ya baiskeli, akasimama mlangoni.

"Shemeji, leo mnamenya sabuni kama viazi?"

"Cheka tu. Mzigo si wako."

"Mnautafutia kushikwa! Wakati wa vita askari anaogopa mzigo usiojulikana ulikotoka. Anadhani ni wa wizi, au wa wapiganaji. Lebo ndiyo inayokutetea."

"Si wanasema mpaka umefungwa?"

"Wamekwenda wakaona? Uko wazi, saa mbili asubuhi mpaka saa nane. Nenda na lebo, na cheti cha uasili."

Nikaweka kisu chini, nikauliza, "Cheti gani hicho, mjomba?"

"Karatasi ya kusema sabuni imetengenezwa wapi, na nani. Mzigo mdogo hivi wanakujazia palepale mpakani, dirishani, bure. Na njia za panya ziache, shemeji. Siku hizi wametega mabomu huko."

Tulizirudisha lebo kwa uji wa unga. Nyingine zilikaa upogo, lakini zilisomeka. Mama akaondoka na katoni zake.

Saa saba simu ikalia.

"Wamenipitisha! Askari kasoma lebo, kanusa, kanunua miche miwili!"

Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Halafu nikamkumbuka mwenzangu wa dawati. Mama yake anauza mishumaa kulekule, na nimesikia kesho alfajiri anapita porini, njia za panya. Darasani siongei naye, naona haya. Nimemwandikia kwenye simu, nimefuta, nimeandika tena:

"Mwambie mama asipite porini. Kuna mabomu. Mpaka uko wazi saa mbili. Lebo asibandue. Cheti ni bure."

Nimetuma. Bado hajajibu.