Alama kwenye Kadi ya Mama

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Mugure alikama ng'ombe, akachemsha chai na kumpelekea mama yake kitandani. Kisha alitandika mkeka sakafuni na kumsaidia kulala chali, kwa maana wakati wa zoezi ulikuwa umefika.

Waliishi Dundori, wao wawili tu. Mwezi wa Machi ng'ombe alimpiga mama teke. Mama alianguka kwenye saruji ya zizi na mfupa wa paja ukavunjika karibu na nyonga. Madaktari mjini Nakuru waliuunga kwa chuma. Siku ya kuruhusiwa kurudi nyumbani, Bwana Makhanu, mtaalamu wa mazoezi ya viungo, alimwonyesha Mugure kazi yake.

"Misuli ya makalio ndiyo inayoshikilia nyonga mtu akitembea," alisema. "Ya mama yako imelegea. Akunje magoti, nyayo zikae chini. Akaze makalio kwanza, ndipo ainue kiuno polepole. Ahesabu hadi tano, kisha ashuke polepole. Pande zote mbili ziinuke sawa, na mgongo usipinde. Mara kumi, asubuhi na jioni. Akikosea, msimamishe."

Akampa kadi ya kuwekea alama.

Wiki ya kwanza mama alifanya vizuri, ingawa alitokwa na jasho na machozi. Wiki ya pili, Mugure aliona kwamba anajisukuma kwa mguu mzima na kupinda mgongo. Upande ulioumia ulibaki chini.

"Mama, umeenda upande."

"Naumwa, Mugure. Si nimeinuka?"

Wenzake walikuwa wakimngoja uwanjani kucheza netiboli. "Sawa, imetosha," akasema, akaweka alama. Baada ya hapo aliweka alama hata siku ambazo mkeka haukutandikwa.

Wiki ya sita ilipoisha, Bwana Makhanu alipiga simu kuuliza kuhusu kadi. "Imejaa," Mugure akamjibu. Basi Bwana Makhanu akamruhusu mama kutembea kwa gongo moja badala ya mawili.

Jioni iliyofuata Mugure alirudi kutoka netiboli akiwa amelowa mvua. Kitanda kilikuwa kitupu. Alimkuta mama matopeni nyuma ya zizi, gongo likiwa mbali naye, midomo ikitetemeka kwa baridi. Mkono wake wa kushoto ulikuwa umepinda.

"Nimekuita," mama alisema kwa shida. "Nimekuita mpaka sauti ikaisha."

Hospitalini picha ilionyesha kwamba chuma hakijasogea, lakini mkono ulikuwa umevunjika. Bwana Makhanu alipima mapaja ya mama kwa utepe, akaona moja limekonda kuliko jingine, kisha akaishika kadi.

"Kadi inasema amefanya kila siku," alisema. "Mguu unakataa."

"Nilifanya, daktari," mama akasema haraka. "Labda ni mwili wangu tu."

Mugure alijua mama anamkinga. "Si kweli," akasema. "Nilimwona akikosea, nikanyamaza. Siku nyingine hatukufanya kabisa. Alama ni zangu."

Bwana Makhanu hakumkemea. Alimlaza mama kwenye mkeka, akamwambia ainue kiuno, na kumwagiza Mugure aweke viganja kwenye makalio. Upande mmoja ulikuwa mgumu kama kiazi. Mwingine ulikuwa laini kama unga uliokandwa.

"Umesikia? Upande huu haujafanya kazi kwa wiki nyingi. Tutaanza na mara tatu, lakini ziwe za kweli."

Walianza upya. Siku za baridi ya Julai mama aliweza mara mbili tu, na Mugure akaandika mbili. Siku nyingine mama alishindwa kabisa, naye Mugure akaandika hivyo hivyo.

Mwezi wa Septemba mama alivuka chumba cha mazoezi cha hospitali bila gongo. Alikuwa akichechemea.

"Atapona kuchechemea?" Mugure akauliza.

"Kutapungua. Kuisha kabisa, sidhani. Wiki zile za mwanzo ndizo zilizotupotea." Bwana Makhanu aliinama hadi macho yao yakakutana. "Ukiniambia mama ameshindwa leo, nina la kufanya. Ukiniambia amefanya na hajafanya, umenifunga macho, na anayeanguka ni mgonjwa. Ukweli unaoudhi, Mugure, ni sehemu ya dawa."

Mugure aliitikia kwa kichwa. Akaenda kumshika mama mkono, na wakatoka nje kwa mwendo wa mama.