Nilimkuta Mchumba Wangu Ndani ya Pipa la Taka

Viatu ndivyo nilivyovitambua kwanza!

Kiwiliwili chote kilikuwa kimezama ndani ya pipa la taka, makalio juu, na miguuni vile viatu vyekundu nilivyomnunulia mwenyewe...

Ivano. Mwanaume aliyekuwa anioe Septemba!

Jamani, ngoja niwaeleze. Hadi leo nikikumbuka mate yananijaa mdomoni, na si ya hamu.

Ilikuwa ile sikukuu ya katikati ya Agosti. Siku hiyo sisi watu wa Ostia, huku pwani ya Roma, tunakimbilia baharini na matikiti yetu. Magofu ya Warumi tunawaachia wageni. Nimekulia jirani kabisa na pale, lakini mara ya mwisho kuingia nilikuwa shule ya msingi.

Sasa Debora, binti wa shangazi yangu, alikuwa amekuja kutoka Torino na mimba yake ya kwanza.

"Fiorenza, nipeleke magofuni!"

"Na joto hili? We mwanamke una kichaa?"

"Mwenye mimba hakataliwi kitu, shosti."

Getini kulikuwa na msichana anauza maji ya limau ya baridi, kwenye chupa za kioo zenye vizibo vya bati. Debora akanywa moja. Akaongeza ya pili!

"Tamu! Onja basi."

"Mimi nataka kivuli tu."

Tukafika kwenye vile vyoo vya kale, mabenchi ya mawe yenye matundu, Warumi walipokuwa wanakaa bega kwa bega. Pembeni kuna pipa. Ndani ya pipa, Ivano...

Na aliniaga kwamba anaenda Napoli kwa mama yake!

Nikamvuta Debora nyuma ya ukuta. Ivano akawa anatoa chupa na kuzitia kwenye gunia. Nyingine aliziokota kwenye matundu ya vyoo, na kuna wageni wasio na haya, hadi leo wanajisaidia humo humo.

Moja ilikuwa na kitu cha njano.

Akainusa... akaimwaga... akaikung'uta... guniani!

Haikuwa limau, wapendwa.

Simu yake ikalia.

"Ndiyo, mzee. Gunia limejaa, nakuletea sasa hivi. Fiorenza? Huku haji! Watu wa hapa wanakanyaga magofuni lini?"

Akacheka. Kile kicheko nilichokuwa nakipenda!

Debora akanishika mkono, kucha zikanizamia.

"Fiorenza... si ndizo chupa nilizonywea?"

Nilitaka nimjue huyo mzee nimtemee usoni.

Tukamfuata kwa gari. Akakata kona ya duka la mikate. Akaingia mtaa wetu. Akasimama mbele ya gereji YETU!

Mlango ukafunguliwa na baba yangu mzazi, kifua wazi, miguu inachuruzika maji.

Nikaruka kutoka garini, nikaingia ndani.

Kulikuwa na beseni kubwa, maji ya kijivu, chupa zinaelea. Na kiti kando yake. Baba alikuwa analoweka miguu humo humo, apunguze joto! Mezani, mashine ya marehemu bibi ya kubana vizibo, ile tunayofungia sosi ya nyanya kila Agosti.

"Mwanangu! Hujaenda baharini?"

"Baba, hii ni nini?"

"Ni kazi. Tunajaza limau, msichana anatuuzia getini. Nilimwambia huyu, unamtaka binti yangu, onyesha una mikono."

"Mpenzi, nimefanya kwa ajili yetu," Ivano akadakia. "Halafu tunaziosha!"

"Kwenye maji ya miguu?"

Akasogeza gunia nyuma ya miguu yake.

Nikachukua chupa moja ya limau kwenye jokofu. Nikaifungua, nikaiweka mbele ya baba.

"Sikukuu njema, baba. Kunywa."

"Sina kiu."

Jasho linamtiririka hadi kitovuni, hana kiu!

"Ivano, wewe je?"

Akaangalia viatu vyake vyekundu.

Sauti ikatoka mlangoni, nyembamba kabisa.

"Mjomba... mimi nimekunywa mbili."

Baba alipauka. Debora akashika tumbo, akatapika pale pale kizingitini.

Alitundikiwa dripu siku mbili. Mtoto yuko salama, anacheza tumboni, nashukuru. Baba hakuthubutu kufika hospitali, na shangazi amesema asimpigie tena simu.

Pete niliitia kwenye chupa chafu, nikaibana kizibo kwa mashine ya bibi, nikamwachia Ivano mezani.

Halafu nikakumbuka stoo. Sosi yetu ya mwaka mzima. Chupa zile zile! Niliinama kwenye sinki hadi machozi yakanitoka.

Dada zangu, mwanaume anaweza kukuapia hadi mbingu zichoke. Wewe mmiminie kile anachowauzia wenzake, umwambie anywe.

Mimi wangu hakuwa na kiu. Na aliyenizaa pia.